Ng'ombe Wawili wa Kemunto

Dada Wakesho,

Mko salama huko kwenye jua? Huku Magwagwa ni baridi na ukungu, ingawa vilima ni kijani kama kwenye picha ya kadi hii. Jana tulimzika mume wa rafiki yangu Kemunto.

Nyumba yao haina stima. Marehemu alichimba mtambo nyuma ya zizi, samadi ya ng'ombe wao wawili ikawa gesi ya kupikia, na Kemunto akasahau kuni. Hata shoka hawana. Lakini mashemeji zake walikuja wakasema, "Mtu kama huyu hazikwi kwa maharagwe." Ng'ombe wa kwanza alichinjiwa waombolezaji, na jana akafuata yule wa maziwa. Nyama tuliila, dada, hata mimi. Wengine walifungasha.

Asubuhi hii nimemkuta Kemunto amechutama mbele ya jiko. Gesi karibu yote ilikuwa imeishia kwenye chai ya wageni, na mwali wa bluu ukanywea mbele yetu hadi ukazima, sufuria ya chai ya maziwa haijachemka. Kaburini alilia sana. Hapa hakulia. Alifunga koki polepole, akanimiminia ile chai ya uvuguvugu. "Kunywa, dada. Hayo maziwa ndiyo ya mwisho."

Mkumbatie Mama na watoto kwa ajili yangu, na nikirudi usinipikie nyama.

Shemeji mkubwa wa Kemunto amepita sasa hivi. Amemwazima shoka la kupasulia kuni, anasema atalifuata Jumapili.

Mdogo wako,
Mghoi