Majani ya Mti wa Nta

Ole, Pemba

Kwa mke wangu Mwanaidi,

Assalamu alaikum. Nakuuliza hali yako na ya watoto, na kifua chako kilichokuwa kikikubana ukilala, je, kimepoa? Na mama, miguu inamruhusu kwenda kisimani? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, nakula na kulala. Moyo ndio hauko sawa, na bora nikwambie mapema, nisikuache ukipekua karatasi hii kutafuta siku ya safari. Sitaweza kuja kabla ya Ramadhani kama nilivyoahidi. Usiitupe barua, tafadhali. Nisikilize kwanza, halafu unitukane.

Wajua kilichonileta huku ni ile miti ya nta ambayo mbegu zake zilitoka Brazili. Watu wa hapa wanaiita mikoche ya Serikali, maana jani lake limekunjuka kama kipepeo cha kupepea moto, kama la mkoche, na vikonyo vyake vina miiba inayochana mikono. Mikubwa niliikuta, imepandwa na mwenzangu aliyenitangulia. Midogo nimeilea mwenyewe. Niliziloweka mbegu, nikazipanda kwenye makopo, nikaihamishia miche bondeni, na tangu hapo kazi yangu ni kufyeka magugu, kufukuza ng'ombe na kuwatoa chonga kwa ndoano ya waya, wale mende wanaotoboa minazi kwenu. Miti mizito kukua namna hii sijapata kuona. Bakari wetu amezaliwa, ametambaa, na sasa anapanda mipera, lakini mche niliouatika mwaka aliozaliwa bado haujanifika kiunoni. Wakati mwingine nausemesha, maana hakuna mwingine wa kusema naye. Cheka tu.

Watu hapa si wabaya. Nikitoa salamu wananijibu vizuri kabisa, kisha wanapita. Lakini shamba ni la Serikali, na mimi nimeletwa na Serikali, na nikifungua mdomo tu wanajua ni mtu wa Unguja. Miaka yote hii wananiita mgeni. Jioni napika wali wa mtu mmoja, naula nikitazama ukuta. Uliponiandikia kuwa Bakari anamwita mdogo wangu baba, sikula kabisa siku ile. Najua mtoto hana kosa, na ndugu yangu anatulelea. Namwonea wivu hata hivyo, na sioni haya kukwambia.

Ndiyo maana nilikuwa nikiisubiri nta hii kwa roho yangu yote. Bwana shamba, mkubwa wangu aliyeko Wete, alinipa neno lake: nta ya kwanza ikitoka, hata ya kujaza kikombe, ataipeleka Unguja ikaonekane, naye ataniandikia uhamisho nirudi kwetu.

Nta yenyewe haimo ndani ya mti. Ni unga mweupe ulioganda juu ya jani changa. Unakata majani kiangazi, unayaanika juu ya mkeka mpaka yakauke, unga unalegea na kudondoka, na uliobaki unautoa kwa kuyapigapiga. Huo unga ndio unaoyeyushwa ukawa nta. Jani lenyewe baada ya hapo ni la kuezekea banda la kuku. Basi nikakata, nikaanika uani, yakakauka vizuri mpaka mkeka ukawa mweupe kama uliomwagiwa unga wa muhogo. Imebaki kuyapiga tu, nikasikia chombo cha Unguja kimefika Wesha. Nikajua kifurushi chako kimo. Mbingu ilikuwa safi, nikachukua baiskeli.

Kofia uliyonishonea nimeipata, na imenikaa sawasawa. Lakini njiani kurudi mvua ikanishukia bila hata kunguruma. Nilikanyaga baiskeli ile bila kupumzika, na huku najua nimekwisha.

Nafika, uani hamna kitu. Mlango wangu uko wazi na ndani mmejaa watu, wamelowa chapachapa. Huku kwenye karafuu, wingu likitanda hakuna anayeuliza mkeka ni wa nani. Aliye karibu anakimbia kuanua, mwenyewe awepo asiwepo. Nimewaona wakifanyiana hivyo mara nyingi. Uani kwangu hawakuwa wamepata kuingia kabla ya siku ile, kwa kuwa sina karafuu.

Jirani yangu Bi Time, mama mtu mzima, alikuwa amesimama mbele yao wote, kanga imemganda mwilini.

"Tumeyawahi, mwanangu," akaniambia. "Hata tone halikuyagusa. Yalishika vumbi jeupe, tukayakung'uta moja moja. Na nkeka tumeukung'utia nje."

Majani yalikuwa yamefungwa vitita, masafi, yamepangwa ukutani. Nta yangu yote ilikuwa inateremka na maji kuelekea bondeni. Nilikaa chini palepale na machozi yakanitoka. Wao wakadhani nalia kwa shukrani. Na kweli, Mwanaidi, nusu yake ilikuwa shukrani. Sikuwaambia, wala sitawaambia.

Bwana shamba nilimwambia mvua imeichukua, na si uongo. Hakugomba. Amesema tungoje majani mapya, kiangazi kijacho.

Kwenye mishono ya mkeka nilikwangua kidogo, nikakiyeyusha katika kijiko, kikatoka kipande kama punje ya hindi. Bwana shamba anasema hakifai kupelekwa popote. Nimekifunga humu ndani ya barua. Paka uzi wako wa kofia usichambuke. Hiyo ndiyo kazi yangu yote ya huku, iko mkononi mwako.

Nisalimie mama, umwambie naomba dua yake. Msalimie baba mkwe, na mdogo wangu, umwambie ahsante kwa kunilelea, na asiyaweke moyoni niliyoyaandika. Bakari mbusu, umwambie baba yake ni yule wa miti.

Na jambo la mwisho. Kila uliponiomba uje nilikukataza, nikisema hapa hatuna mtu, utakuja kukaa na ukuta kama mimi. Juzi Bi Time aliniletea bakuli la mchuzi. Akaitazama kofia yangu, akauliza nani kanishonea, nikamweleza. Akaniuliza, "Na huyo nke wa mwenzetu yuaja lini?"

Mwenzetu, hakusema mgeni. Niandikie upesi, nipate cha kumwambia.

Ni mimi mumeo, anayekuhitaji,
Haji