Salamu kwa Bosi wa Kwenye Kompyuta

Shikamoo Mama, na kabla hujauliza: ndiyo, nakula, na jua la huku Unguja limenifanya mweusi kukuzidi.

Nyumba hii tunaishi watu tisa, kila mmoja na kompyuta yake, akimfanyia kazi tajiri aliye mbali. Mimi natafsiri, wengine wanachora. Asubuhi wote wamevaa hedifoni masikioni, salamu hakuna. Nilivumilia siku mbili. Ya tatu nikapita meza kwa meza nikiwapa mkono, kama ulivyonilea.

Mutua, kijana wa Kenya, alikuwa kikaoni, uso wa bosi wake wa Nairobi umejaa kwenye kioo cha kompyuta. Sasa ningempitaje mtu mzima hivihivi? Nikamwamkia. Nikamuuliza za nyumbani, watoto, mvua. Mutua ananivuta gauni niondoke. Yule mzee akasema mama yake amelazwa wiki ya pili sasa, na ofisini hakuna aliyemuuliza.

Nami nikamsimulia goti lako linavyokusumbua.

Leo nimechelewa kuamka, Mutua akaja kunigongea mlango: "Dada, toka bwana! Bosi amekataa kuanza kikao mpaka umsalimie."

Na mimi nilivyokuwa nakucheka, Mama, unavyosalimia watu stendi ya Kasulu mpaka basi linatuacha! Sikucheki tena. Nisalimie wote huko Makere. Najua hutabakiza mtu.

Ila nijibu upesi. Bosi anauliza, goti linaendeleaje?

Mwanao mchokozi,
Yusta