Chiwambo Hakusema Neno

Shikamoo, Baba. Nilipanga kukuandikia siku tasnifu yangu ya uzamili itakapokamilika. Haijakamilika, na sababu ni wewe.

Unakumbuka nilivyokuwa nakusomea habari zako kabla hujazituma gazetini? Nakaa juu ya gunia la kahawa sebuleni kwetu Mbinga, nasoma kwa sauti, wewe umefumba macho. Nikifika kwa Chiwambo, mkulima wa Ukata, unatabasamu. Nilimpenda mtu yule. Ndiye pekee aliyesema wazi kwamba mizani ya wanunuzi inawapunja wakulima, wenzake wote wameufyata. Nilipoamua kutafiti namna magazeti yanavyowapa wakulima sauti, sura ya nne niliitenga kwa ajili yake.

Nikaenda Ukata kumtafuta. Wazee wakatazamana, wakacheka. "Mama, huyo hajawahi kuwepo," mmoja akaniambia. "Tuliogopa kutajwa. Baba yako akachukua maneno yetu, akayapa jina la watu wa ziwani. Alituuliza kama huku yuko Chiwambo, tukamwambia hayupo."

Nilishikwa na butwaa. Wewe, Baba? Wewe uliyenichania insha ya darasa la sita kwa sababu nilimtunga shangazi? Nilikasirika. Halafu nikajituliza: aliwalinda wanyonge, basi. Nitamtetea mbele ya msimamizi wangu, yaishe.

Nilikuwa naaga pale mke wa yule mzee aliponivuta pembeni. "Chiwambo alikuwepo," akasema. "Alitoka Liuli, kule ziwani, akaoa huku, akaishi ukweni. Sisi tulimwita mume wa Agata tu. Jina lake walilijua wanunuzi, maana lilikuwa kwenye daftari lao."

Nilikaa chini palepale.

Nilimkuta Chiwambo huko Liuli, mzee sasa, anaanika usipa, vile vidagaa vya ziwani. Alinikaribisha kiti, akaongea bila kinyongo. Wanunuzi waliposoma jina lake gazetini, waliikataa kahawa yake misimu mitatu mfululizo. Aliapa kwamba hakuongea na mwandishi yeyote, hakuna aliyemsikiliza. Wakwe wakamchoka, akarudi kwao peke yake. Agata hakumfuata.

"Mwanangu, wewe unasomea uandishi," akaniambia. "Huwezi kunitafutia aliyeandika? Simtaki kwa ubaya. Nataka aseme tu kwamba sikuwa mimi."

Nilizima kinasa sauti. Nikamwambia, "Ni baba yangu, mzee. Alishafariki."

Akawa anageuza usipa kwa kiganja. Kisha akasema, "Pole kwa msiba, mwanangu."

Akanipa pole mimi! Mpaka leo sijui nilijibu nini. Najua nililia, na yeye ndiye aliyenibembeleza.

Msimamizi anasema nikiiondoa sura ya nne nitafaulu bila shida. Siiondoi. Nimeandika kwamba Chiwambo hakusema neno, kwamba aliyeandika ni wewe, jina lako lote, na kwamba hukurudi kuuliza yaliyompata. Wiki ijayo nateremka Liuli kumkabidhi kurasa hizo kabla hazijafika chuoni.

Nakupenda, Baba, na nimekukasirikia, na sijui hivi viwili nivibebe vipi kwa pamoja. Mzee yule alingoja neno moja kutoka kwako. Atalipata kwangu, lakini Agata hatalisikia; keshazikwa.

Mimi,
binti yako