Kingo Kavu

Shikamoo, Baba.

Natumaini u mzima, na kwamba kile kikohozi chako cha asubuhi kimepata mtu wa kukisikiliza. Sisi hapa hatujambo. Goti la Mama linamsumbua akisimama sana mbele ya jiko, lakini ukimwambia akae anakuuliza kazi atamalizia nani. Mdogo wangu amerefuka, suruali zote zinamwishia juu ya vifundo. Ningeweza kukupigia simu, ila siku hizi unaipokea kama mtu aliyeacha maziwa jikoni, na haya niliyo nayo hayataki haraka.

Nakuandikia kuhusu malalamiko yako ya keki.

Baba mdogo alifika hapa Jumatatu, akakaa kwenye kile kiti cha jikoni kisicho na mgongo, akazungushazungusha maneno mpaka chai ikapoa. Mwishowe akasema mteja ameisifu keki aliyoagiza kwetu, na wageni wameisifu, ila kuna jambo moja dogo: mteja aliagiza kingo ziachwe kavu, naye amekuta zimelowa chepechepe. Mama alikuwa nje akianua nguo. Mimi nikapandwa na hasira, unanijua. Nikamwambia baba mdogo kwamba huyo mteja wake hajui keki, na kama alitaka vitu vikavu angenunua mkate wa jana.

Hapo maneno yakamponyoka. Akasema nisimtukane mteja, kwa kuwa mteja mwenyewe ni baba yangu, na keki ile ilikuwa ya harusi yake.

Harusi yako, Baba. Ulipotuaga ulisema unafuata kazi, na kwamba mambo yakikaa sawa utarudi. Mimi ndiye niliyekuwa nikikutetea. Mashangazi walipoanza kunong'ona, niliwaambia kimya si ushahidi, mtu anaweza kuzidiwa na kazi. Kumbe mwenzangu ulikuwa unachagua suti.

Sasa nikurudishe nyuma, ujue keki yako ilivyopikwa.

Baba mdogo alipoleta ile oda, alituambia ni ya ofisini kwao, wanamuaga mhasibu anayestaafu. Akataja keki ya ngazi mbili, nyeupe, yenye maua juu, iliyoloweshwa kwa shira ya chungwa na karafuu. Halafu, kama mtu anayekumbuka jambo la mwisho akiwa mlangoni, akaongeza kwamba kingo ziachwe kavu, upana wa kidole. Mama alikuwa anakoroga mayai. Mwiko ukasimama. Akauliza tu kama wageni watakuwa wengi, baba mdogo akatazama dari na kusema wengi kiasi.

Mimi sikushtuka. Nilidhani kuna mtu mwingine duniani mwenye uchaguzi kama wako. Maana hapa nyumbani sote tulijua kingo kavu ni zako. Ulisema keki iliyolowa yote ni chakula cha wagonjwa, basi Mama akawa anamwaga shira katikati kwa kijiko, anauzunguka ukingo kana kwamba kuna mtu amelala pale. Keki za wateja alizilowesha zote. Ya nyumbani, ya kila mwisho wa juma, aliiacha hivyo kwa ajili yako. Na hata ulipoondoka, aliendelea. Kingo zilikaa kwenye sahani zikingoja, zikakauka zaidi, mwishowe tukazichovya kwenye chai mimi na mdogo wangu. Nilijua anakungoja. Alikuwa hasemi, lakini mwenye macho haambiwi tazama.

Siku ya kupika keki yako, Mama aliamka kabla yangu. Shira unaijua: sukari na maji sawa kwa sawa, karafuu, limao kidogo ili sukari isigande, na ganda la chungwa lililomenywa juu juu, rangi tu, kwa sababu ule weupe wa ndani ukichemka unatia uchungu. Hilo alinifundisha nikiwa siwezi hata kuifikia meza. Lakini nilipoingia jikoni nikamkuta amesimama mbele ya sufuria, halafu akaibeba yote akaimwaga kwenye sinki. Nikauliza kulikoni. Akasema imeungua. Nikalamba mwiko, tabia yangu ya tangu zamani iliyonipatia jina. Haikuwa imeungua, Baba. Ilikuwa chungu kama dawa ya malaria. Nikafikiri uzee umeanza kumchezea mikono, nikamenya machungwa mengine.

Ya pili ilitoka safi. Akaiacha ipoe, kwa maana keki ikiwa moto shira iwe baridi. Vyote vikiwa moto unapata uji. Akazitoboa keki zote mbili kwa sindano ya kufumia, kisha akanituma dukani kununua utepe wa boksi, ingawa utepe tulikuwa nao. Niliporudi, kazi ya kulowesha ilikuwa imekwisha na alikuwa anaosha kijiko.

Basi baba mdogo alipokwisha kuniambia ukweli, nilimsihi aondoke kabla Mama hajaingia, na afunge mdomo. Nikaamua kumficha. Juma zima nimemlinda Mama kama yai. Simu ikilia naiwahi, jirani akibisha hodi naenda mimi. Usiku nilikuwa nalia kwenye mto nikikuchukia, na asubuhi nikisikia mtu anakohoa barabarani nachungulia dirishani. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jana Mama alinikalisha kwenye kile kiti kisicho na mgongo. Akaniambia niache kuhangaika kumkinga mvua mtu aliyekwisha kulowa. Akasema alijua tangu siku ile ya oda. Hakuna mtu anayemuaga mhasibu kwa keki nyeupe ya ngazi mbili yenye maua, na kingo kavu upana wa kidole zinaliwa na mtu mmoja tu. Ile sufuria ya kwanza aliichemsha na ganda zima, weupe na yote, kwa makusudi. Alitaka uonje ulichomlisha. Kisha akafikiri kwamba wageni hawajamkosea, na huyo bibi harusi huenda na yeye alidanganywa, na mkono uliopika ni wake. Akaimwaga.

Nikamuuliza kwa nini basi alilowesha kingo, kama aliamua kukupikia vizuri. Alinitazama kana kwamba nauliza njia ya kwenda chumbani kwangu. Akasema kingo kavu alikuwa akimwekea mume wake. Keki ile iliagizwa na mteja, na mteja analoweshewa keki yote.

Kwa hiyo, Baba, hapakuwa na kosa katika oda yako. Usimtume tena baba mdogo kulalamika. Wahenga walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini, nami naona wewe umeufuata usemi huo mpaka mwisho.

Leo tumepika keki ya nyumbani. Mama ameilowesha hadi ukingoni, polepole, akirudia palipokauka, na hakulia. Mdogo wangu amekula vipande viwili, akalamba vidole, halafu akauliza kwa nini hatukuwa tukifanya hivi siku zote. Nikamkatia cha tatu.

Msalimie mwenyeji wako huko, huyo bibi harusi. Mwambie goti la Mama likipoa, naye akihitaji keki, aje mwenyewe, mlango hauna ubaya naye. Wewe ukihitaji, agiza kwa jina lako.

Ni mimi mwanao,
Kijiko, kama bado unakumbuka aliyenipa jina hilo.