Sufuria Yangu ya Chai

Jumatatu, 6 Januari
Nimeosha kidole cha mguu, nimekifunga, nimevaa soksi. Kidonda kile kile tangu mvua za vuli. Kule zahanati, nesi kaniuliza lengo langu la mwaka huu. Lengo! Kila Januari natangaza naacha sukari, nyumba nzima inanipongeza, na mwezi haujaisha nimerudi kwenye vijiko vitatu. Safari hii sitangazi kitu. Mimi ni mtu asiyekunywa sukari, basi. Nikiamka nafanya anachofanya mtu huyo, halafu naendelea na shughuli zangu.

Jumatano, 8 Januari
Wifi Pili, dada wa mume wangu, ndiye anayepika chai tangu ahamie kwetu hapa Turiani. Sukari anaimimina humo humo kwenye sufuria, chai ikiwa jikoni. Nilimwomba anichotee yangu kwanza. Yalaa, kasahau. Jana alisahau. Juzi pia. Nimekunywa maji.

Jumapili, 12 Januari
Nimenunua sufuria yangu. Ndogo. Najipikia chai ya rangi na mchaichai. Baba Rehema kaiona, kacheka, eti tuone kama itafika Februari. Mume wangu huyo. Mama yangu alikatwa mguu kwa ugonjwa huu huu wa sukari, na yeye ndiye aliyembeba kumtoa wodini. Anajua kabisa, halafu anacheka!

Alhamisi, 16 Januari
Nina hasira. Jirani alikuja, na wifi akasema mbele yake: "Kaka yangu anafanya kazi kiwanda cha sukari, mkewe anakunywa chai isiyo na sukari kama mfungwa. Watu watatuelewaje?"
Kumbe hakuwa anasahau! Alikuwa anaona aibu. Aibu ya nini? Kidole kinachooza ni changu, lakini kinacholindwa humu ndani ni jina la kaka yake. Nikamjibu, na sauti ilipanda. Jirani akaaga, chai yake hakuimaliza.

Ijumaa, 17 Januari
Bado sijapoa. Wifi kampikia mgeni wake chai kwenye sufuria yangu, kajaza sukari, kaiacha ikaungua. Makusudi kabisa. Nimeisugua kwa majivu. Nimepika yangu, nimeinywa nimesimama mbele yake, taratibu. Ilikuwa chungu kweli kweli. Hilo sikumwambia.

Jumatano, 22 Januari
Nimepika. Nimekunywa. Hatusemeshani.

Jumanne, 28 Januari
Daktari kasema kidonda kisipobadilika, tutaongea habari ya kukata kidole. Wifi kasikia, maana ndiye aliyenisindikiza, Baba Rehema yuko zamu. Njia nzima alitazama mguu wangu tu. Nami sikumtuliza. Asikie vizuri.
Jioni Baba Rehema karudi na huruma zake. Eti nionje chai ya sukari kidogo tu nipate nguvu, mara moja haiui mtu. Huruma gani hiyo? Nimemwambia mtu anayeacha ndiye anayeonja. Mimi siachi. Mimi sinywi. Kanitazama kama nimechanganyikiwa, kaenda kulala.
Nimelia kidogo. Naogopa kisu.

Jumamosi, 8 Februari
Matombo, kwetu milimani. Jana tumemzika mjomba. Baridi, ukungu mpaka mlangoni.
Chai ya msiba ilipikwa kwenye sufuria kubwa, sukari ndani. Na walionizonga si wakwe, ni ndugu zangu wenyewe. Kunywa dada, msibani watu hawajibagui. Siku hizi umekuwa mzungu? Wakanishikisha kikombe. Wanajua mama alivyokufa, wote! Nilitaka kugomba, nikashindwa. Nilikuwa nimechoka kulia, nina njaa, na chai ilinukia tangawizi. Nilikiinua kile kikombe. Kweli nilikiinua.
Wifi, aliyenisindikiza msibani, alikuwa kwenye mafiga anachochea kuni, mgeni kwa watu asiowajua. Hata hakugeuka.
"Huyo hanywi sukari," akasema, kama anayewaambia kwamba mimi ni mrefu. "Chai yake iko huku."
Alikuwa amenichotea kabla hawajamimina sukari. Ndugu zangu wakakichukua kile kikombe, wakahudumia wengine.
Sikumshukuru. Kidonda bado kibichi, na maneno yake ya mbele ya jirani sijayasahau. Nilimsogelea kwenye mkeka, akanipisha nafasi karibu na moto, tukanywa.