Jumapili Niliyonukia Salfa

Mnyambe, Newala
18 Juni 2024

Mpendwa Dada Bibiana,

Shikamoo. Huko Mwanza mnaendeleaje? Mgongo wa shemeji umepona? Sisi ni wazima, ila mama anakohoa kwa baridi ya alfajiri, na ukimwambia avae sweta anasema sweta ni la wazee.

Najua ulisikia kwa watu habari zangu za mwaka jana. Leo nakueleza mwenyewe, maana aibu ni yangu.

Mwalimu Alfredi, katekista wetu, alikwenda semina Masasi, akaniachia ibada ya Jumapili pamoja na ufunguo wa kanisa. Bahati mbaya mashine ya kupulizia mikorosho, tunayoitumia kwa zamu nyumba sita, ikanifikia alfajiri ile ile. Unajua unga wa salfa wa kuzuia ukungu hushika umande ukiwa bado kwenye majani. Nikajiambia, napuliza mistari miwili tu, kisha naoga. Miwili ikawa mitano. Tamaa, dada!

Nilifika saa nne badala ya saa moja, njano kuanzia kope hadi viatu. Mlango umefungwa, watu wameshatawanyika. Na siku ile Mama Vitalis alikuwa amewaita ndugu zake kutoka mbali tumwombee mumewe, aliyekuwa hajamaliza wiki mbili kaburini. Walisali wenyewe nje, juani, wakaondoka.

Nilikwenda kumwomba radhi. Alinijibu kwamba amenisikia, basi, akaendelea kupepeta mtama. Mwalimu Alfredi naye hakunigombeza. Alichukua ufunguo, akasema ibada ataitafutia mtu mwingine. Heri angenifokea.

Nilitaka kuhamia kanisa la Kitangari, nisionane na watu. Mke wangu akaniuliza kama huko Kitangari hakuna mikorosho. Nikabaki.

Tangu hapo, kila Jumapili nimekuwa mtu wa kwanza kufika. Nafagia uwanja, nachota maji ya kunawa, nampokea bibi anayehitaji kushikwa mkono. Mwanzoni walinicheka, wakisema nafagia dhambi. Masika yote sikukosa, hata siku ile njia ilipogeuka tope tupu. Miezi ilivyokwenda, Mwalimu akaanza kunituma kwa wagonjwa, na nikisema nitafika saa tisa, saa tisa wananikuta mlangoni.

Sasa sikia. Jumapili ijayo Mama Vitalis anafanya kumbukumbu ya mwaka wa mumewe. Mwalimu Alfredi atakuwa Lisekese kwenye harusi ya mwanawe, kwa hiyo alimwuliza mama huyo amtafutie nani wa kuongoza. Mimi nilikuwa palepale nakunja mikeka, nikainamisha kichwa.

Mama Vitalis akasema, "Nataka Gervas. Yeye anajua tulivyosimama juani."

Nilikwenda nyuma ya kanisa nikalia, dada. Usimwambie mtu.

Na amini usiamini, zamu ya mashine imeniangukia tena Jumapili hiyo. Nimempa jirani yangu Suleimani, mimi nitasubiri hadi zamu irudi, maua yakiharibika yaharibike. Amenicheka kwamba nimekuwa shehe wa kanisa. Naogopa, lakini nina furaha ambayo sijapata kuwa nayo. Saa moja asubuhi ile, popote utakapokuwa, nitaje katika sala.

Mama anakusalimu sana, pia mke wangu na Mwalimu Alfredi. Mpe shemeji pole ya mgongo, na umbusu mtoto Sophia. Mungu awatangulie mkitoka, awapokee mkirudi.

Mdogo wako akupendaye,
Gervas