Gazeti Lililomaliza Mafuta ya Taa

Mwenzangu, nimefanya jambo, ndiyo maana nakupigia simu.

Asubuhi nilikuwa dukani, kwenye foleni ya mafuta ya taa. Mezani palikuwa na gazeti la kufungia sabuni. Unanijua tangu tuanze darasa la watu wazima: siwezi kuona maandishi nikanyamaza. Nikasoma kwa sauti, "Mafuta kuadimika wiki ijayo."

Foleni ikavunjika. Waliotaka chupa moja wakataka dumu zima. Mwenye duka akapandisha bei palepale, na pipa limejaa. Limejaa, mwenzangu. Nililiona kwa macho yangu.

Watu walipokwisha kujaza madumu yao, ndipo nikaiona tarehe. Gazeti la mwaka juzi.

Nikamwonyesha mwenye duka. Akacheka. "Mama msomi, umechelewa. Pipa sasa ni tupu, kwa hiyo yameadimika kweli."

Umesikia hayo? Mwalimu alipotuuliza kama bei ya mafuta hupandishwa na uhaba au na walanguzi, nilisimama nikajibu kwa kujiamini kuwa ni uhaba. Leo uhaba nimeutengeneza mimi, kwa mdomo wangu.

Kibaya zaidi, yule jirani yetu mfua nguo, aliyejifungua wiki iliyopita, alisikia habari nyumbani, akafika wa mwisho akaambulia patupu. Akaniambia, "Asante kwa kutusomea, dada. Bila wewe tusingejua."

Alinishukuru, mwenzangu. Alinishukuru.

Nami nimebeba dumu langu limejaa, kwa kuwa hata mimi niliogopa. Sasa nipo nalo mlangoni kwake, nimeshabisha hodi, na sijui nianzie wapi.